Zdenka Hribar na Majani ya Msitu wa Cerkno

Ndugu waombolezaji, Zdenka Hribar alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 katika kijiji kilicho juu ya mji mdogo wa Cerkno, mtoto wa kwanza wa mzee Jernej na mama Štefanija, akafuatiwa na mdogo wake Dragica, aliyemwandama kila mahali kama mkia. Zdenka alisoma Cerkno, akahitimu ualimu Ljubljana mwaka 1973, akafundisha hapa hadi alipostaafu, na tarehe 4 Juni 1977 akafunga ndoa na Ciril, aliyemtangulia mwaka 2009, nao hawakujaliwa mtoto.

Kila Aprili aliongoza matembezi ya msituni, akipiga magoti matopeni kuonyesha maua ya buluu yanayochungulia kati ya majani makavu, na wageni wa mjini wakipita wima aliwatania, "Jamani, inameni, ua halina shingo ya kuwatazama!"

Tarehe 14 Aprili 1996 aliwafundisha wageni, Dragica akiwemo, kuchuma čemaž, jani la msituni la kupikia supu, kwamba ulifikiche, ulinuse, likinuka kitunguu saumu ni salama. Hakuwaambia kwamba harufu hubaki vidoleni, na jani linalofuata, hata lile la sumu linaloota pembeni, litanuka vilevile. Dragica alichuma, la sumu likichanganyika humo, akapika jioni hiyo, akafariki tarehe 17, akamwachia dada yake binti wa miaka minne, Mojca, ndiye mimi ninayewasomea.

Tangu hapo hakuonja čemaž tena. Matembezi hakuyaacha, ila mara nyingi katikati ya njia aligeuka ghafla akaita, "Dragica, fanya haraka basi!", na wageni walipotazama nyuma hapakuwa na mtu. Sisi tulizoea, yeye aliogopa kila mara.

Oktoba iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 6 mwezi huu aliniomba supu ya čemaž, nikachuma mwenyewe, nikinawa kijitoni baada ya kila jani, na nilipotaka kuionja kwanza alinishika mkono, "Usionje, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kunichukia, leo nikuogope?" Akaimaliza huku akilia, kisha akataka bakuli la pili niliweke mlangoni, "La mama yako, amesimama muda mrefu." Nililiweka. Alifariki tarehe 9 Aprili 2024, alfajiri, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na mikate, na walimu wenzake.

Mama mkubwa, hakuna anayekudai. Lala salama.