Afande Khisa na Sauti ya Osiako

Jumanne, tarehe 30 Septemba, Ignatius Khisa anastaafu baada ya miaka ishirini na moja katika chumba chetu cha mawasiliano ya ambulensi hapa Shieywe. Alitukuta na magari mawili na redio moja iliyokoroma kuliko ilivyosema. Anatuacha na magari ya kutosha na simu mkononi mwa kila dereva, na hasira yake juu ya sinema za vita ikiwa mbichi kama siku aliyoripoti kazini.

Kwao ni Likuyani, kwenye mahindi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mwanajeshi wa kitengo cha mawasiliano, ndiyo maana hakuna anayemwita Bwana Khisa. Ni Afande, hata kwa mkurugenzi. Kila dereva aliyeajiriwa hapa alipitia mkononi mwake: bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme, la sivyo neno lako la kwanza litaliwa na hewa. Weldon, dereva wetu mkongwe, alirudishwa kwenye somo hilo mpaka akatishia kwenda kuendesha trekta la miwa. Ni Weldon huyo huyo ambaye mwaka wa mafuriko aliongozwa na Afande kwa redio katikati ya mashamba ya miwa, simu zote zikiwa zimekata, hadi akamfikia mama aliyekuwa akijifungua. Mtoto alizaliwa salama, na Weldon hajataja trekta tena.

Lakini jamani, kutazama sinema na mtu huyu ilikuwa adhabu. Jumamosi mchana, wale walio mapumzikoni hukaa kwenye televisheni ya kantini, na vijana wetu hupenda za vita. Mwanajeshi wa kwanza akishika redio tu, amani imekwisha. Huyo anapiga kelele za nini, Afande huuliza, hajui kwamba kelele zinavunja maneno? Yule yuko nyuma ya mlima na antena imepinda, mbona anasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari? Mbona wanakatizana, wakati kwenye redio ya vita mmoja akibonyeza mwingine hunyamaza? Na huyu kapteni anataja jina lake na mahali alipojificha, si adui aje tu amchukue?

Kilichomkera zaidi ni kumalizia kwa "ova" na "auti" kwa pamoja. La kwanza, alitufundisha, maana yake nimemaliza, nangoja unijibu. La pili, nimemaliza, sitaki jibu. Kuyasema pamoja ni kumkaribisha mgeni ndani huku ukimfungia mlango. Weldon alimsihi awaache waigizaji wale watafute mkate wao kwa amani, naye akasema njaa si sababu ya mtu kudanganywa.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakukibishia. Mwanajeshi kwenye sinema akipigwa risasi, akashika redio na kutoa hotuba ndefu, mwambieni mke wangu nampenda, mwambieni nilimfikiria, hapo Afande alinyanyuka na kutoka nje. Tulidhani ameudhika kama kawaida yake. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Alikuwa na rafiki jeshini, Nehemiah Osiako wa Matungu. Walipelekwa pamoja kulinda amani katika nchi ya mbali, Khisa akiwa kwenye redio ya kambini na Osiako akibeba ile ya doria. Siku moja doria ilishambuliwa. Osiako aliita, akatoa ujumbe wake, na redio yake haikusikika tena. Wenzake watano walipatikana hai kwa sababu ya ujumbe huo. Yeye alirudishwa nyumbani ndani ya sanduku lenye bendera.

Mjane wake, Mama Dorothy, tunamjua sote. Kila Desemba alikuja hapa kutoka Matungu na ingokho, kuku wa kienyeji, chini ya kwapa, akasalimu mulembe mlango hata mlango, akaketi na Afande, akamwuliza swali lile lile: mume wangu alisema nini mwisho? Afande alimjibu vile vile kila mwaka, kwamba alitaja walipo na hali ya watu, basi. Mama Dorothy hakuridhika. Ameona sinema kwa majirani, na humo kila mwanajeshi humwachia mkewe neno. Ama Osiako hakumkumbuka, ama Khisa anamficha. Hayo mawili yalimnyima usingizi miaka yote hiyo.

Mimi na Weldon tulimshauri Afande amtungie mama wa watu neno moja zuri ili apumzike. Alitukatalia katakata. Ujumbe wa redio, alisema, hufikishwa kama ulivyopokewa. Anayeongeza neno ni mwongo, na anayepunguza pia ni mwongo.

Mwaka huu Mama Dorothy hakungoja Desemba. Alisikia kwamba Afande anastaafu, akaja mwezi wa Agosti, Jumamosi, sinema ikiendelea. Alikuwa amekaa na chai yake wakati mwanajeshi mmoja alipoanza kumwaga mapenzi kwenye redio, na safari hii Afande hakutoka nje. Mama Dorothy aliitazama mpaka ikaisha. Kisha akamwambia, bila ukali, kwamba hataki tena maneno ya mapenzi. Amekubali kuwa hayakuwepo. Anachotaka ni yale yaliyokuwepo, yote, kama Osiako alivyoyatamka.

Afande alizima televisheni. Akatuambia kwamba kuna kitu amekuwa akikipunguza. Osiako alikuwa na kosa ambalo jeshini alikemewa na halikumtoka. Kabla ya kusema lolote alibonyeza kitufe, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasema "haya basi," akipoteza muda wa hewa. Afande hakuwahi kulitaja, maana si sehemu ya ujumbe, na hakutaka marehemu akumbukwe kwa kosa.

Ndipo akakohoa. Akatoa sauti ya chini, ya taratibu, ambayo hatujawahi kuisikia kinywani mwake: "Haya basi. Tuko nyuma ya kilima, kulia kwa mto. Watu sita, wawili hawatembei. Mje polepole, barabara ni mbaya. Haya basi, nitaita tena."

Mama Dorothy alicheka. Alicheka kwanza, kabla ya machozi. Hivyo ndivyo alivyoanza hata sala ya chakula, alisema, obusuma, yaani ugali, ikiwa mezani na watoto wakibana vicheko: kikohozi, haya basi, ndipo Baba yetu uliye mbinguni. Akamwomba Afande arudie. Afande akarudia. Akaomba tena. Weldon, ambaye hana haya ya kitu chochote, alitoka nje. Baadaye Afande alituambia kwamba miaka yote hii, hewa ikitulia mchana, naye alikuwa akitega sikio kwa kile kikohozi, akijua hakiji.

Afande Khisa, tunakushukuru kwa kila gari lililofika kwa sababu ulisema polepole, na kwa kutufundisha kunyamaza mwenzetu anaposema. Tutazitazama sinema zetu kwa amani sasa, na hatutazifurahia. Tunaomba mahindi ya Likuyani yakubali, magoti yasikusumbue, na Mungu akuongezee miaka.

Mama Dorothy amekualika Matungu Jumapili ya kwanza ya kustaafu kwako, uombee chakula mbele ya watoto wake. Mitchel, kitinda mimba, alizaliwa baada ya mazishi na hajawahi kumsikia baba yake. Nenda salama, Afande, na ukifika pale mezani usipunguze kitu.

Immaculate Navalayo, kwa niaba ya chumba cha mawasiliano