Kiti cha Kumi na Mbili

Asubuhi ya Alhamisi Kuu, benchi la mbele ya duka la mkate la Ottilie lilikuwa linaota jua, na waliolikalia walikuwa wameshaanza kubishana. Theluji ilikuwa imebaki milimani juu, na bondeni watu walishavua makoti. Wendelin, mkata magogo mstaafu, alikaa pembeni na kikombe chake. Kijiji kizima kilimwita Sistahili, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo. Akiombwa kubeba bendera ya maandamano ya Ekaristi, hastahili. Akiongezwa keki, hastahili, mpaka abembelezwe. Jana Padri Gebhard alimwomba awe mtu wa kumi na mbili kati ya wale watakaooshwa miguu kanisani jioni ya leo, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Wendelin akajibu jibu lake. Safari hii hakubembelezwa. Padri alisema tu, “Kiti nitakiacha wazi,” akaenda zake. Lakini moyoni alikitaka kile kiti kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu mkewe azikwe.

— Umefanya vema, alisema Korbinian, mpiga kengele wa kanisa, ambaye kila mtu alimwita Kengele. Mpanda ngazi hushuka. Wewe hukupanda, sasa utashuka wapi?

— Vema nini? Ottilie alitoka na birika la kahawa. Hicho ni kiburi! Petro naye alimwambia Yesu hataoshwa miguu kamwe, si aliambiwa ukweli wake?

— Petro hakuwa na kiburi, mama, Kengele alijibu. Aliona aibu.

— Na aibu ni nini, kama si kiburi kilichovaa soksi?

Wendelin alirudisha miguu yake chini ya benchi.

— Halafu wewe Kengele, Ottilie aliendelea, mbona padri alipokuomba ulikubali?

— Mimi nilijinyenyekeza nikakubali.

— Ala!

— Unyenyekevu una kipimo, Ottilie. Kanisani nani anakaa benchi la nyuma kabisa? Mimi. Imeandikwa ukialikwa karamuni ukae mahali pa mwisho.

— Unakaa nyuma ili misa ikiisha uwahi bia!

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inahusu nini hapo?

— Inahusu bia.

— Na Jumapili ya Matawi ulimpiga Alois kiwiko. Nilikuona.

— Alikuwa amekalia mahali pangu pa unyenyekevu!

Wendelin alikuwa ameapa kutosema neno, lakini ubishi una harufu kama mkate unaotoka kwenye tanuri.

— Kama benchi la nyuma linagombaniwa, alisema, basi la mwisho kwelikweli ni la mbele, maana halina anayelitaka. Anakaa meya peke yake.

Wote wakamtazama.

— Unataka kusema meya ndiye mnyenyekevu wetu? Kengele aliuliza.

— Labda mwenyewe hajijui.

— Mnyenyekevu wa kweli hajijui, Ottilie alikubali kwa shingo upande. Lakini yule bwana, jamani! Picha yake iko mpaka kwenye kituo cha basi.

— Ngoja, ngoja, nimepata! Kengele aliruka, kahawa ikamwagika. Siku ya mwisho malaika wakifungua mlango wa nyuma, mimi naingia kwanza. Wakifungua wa mbele, anaingia meya. Kwa hiyo mwenye akili akae katikati.

— Katikati anakaa mke wako.

— Ndiyo maana nikasema mwenye akili.

Walicheka mpaka njiwa wakaruka. Kengele, kwa kuona amewapata, akanyoosha miguu.

— Lakini jioni mtaniona. Nimeiloweka tangu jana, nikaisugua kwa jiwe, mke wangu kaipaka mafuta ya maua. Inang'aa kama sahani ya sadaka. Alois, naye yumo kati ya wale kumi na wawili, kaenda mjini kukatwa kucha na mtaalamu. Maji ukiyavulia soksi, huna budi kuyaoga!

Wakati huo Wiebke, mkwe wa Ottilie, alitoka dukani na sinia la mikate. Aliolewa hapa vuli iliyopita, Mlutheri kutoka pwani ya kaskazini, na bado alikuwa anajifunza mambo ya watu wa milimani.

— Samahani, wazee, kwetu desturi hii haipo. Kama kila mtu anakuja ameshajisugua hivyo, padri anaosha nini?

Kengele alichungulia kikombe chake. Ottilie akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Wendelin aliinama. Alilegeza kamba za kiatu cha kushoto, akavuta soksi. Mguu ulitoka na udongo wa bustani kwenye kisigino na vidole vitatu tu, maana viwili vilibaki chini ya gogo enzi za ujana wake. Mkewe peke yake ndiye aliyewahi kuuona. Kwa ajili ya mguu huo hakuwahi kuogelea ziwani na wenzake, wala kulala hospitali, na jana alikuwa amemkatalia padri.

Kengele aliutazama mguu, akamtazama mwenyewe.

— Ndiyo hivyo tu? Mzee mwenzangu, mimi miaka yote nilidhani una kwato!

Ottilie ndiye aliyeanza kucheka, kisha Wiebke, na Wendelin mwenyewe akacheka mpaka akajishika mbavu. Alipotulia alisimama, kiatu mkononi.

— Unakwenda wapi?

— Kwa Padri Gebhard. Asije akamweka mtu mwingine.

— Uoshe kwanza basi, utatuaibisha!

— Sioshi.

Akavuka uwanja wa kanisa kiatu mguu mmoja, peku mguu mmoja, juu ya mawe ya baridi. Dirishani kwake, mke wa Alois aliacha kukung'uta shuka. Wendelin akampungia mkono na kupunguza mwendo.

— Mtazameni, alisema Ottilie, akijifuta machozi kwa aproni. Sasa anaringia vidole vitatu.