Msiiache Deborah Pell Ikauke

Sikilizeni, wanangu, na wewe Benvindo keti, acha kutazama saa, mauti yangu hayana haraka kama huyo mwuza kuni wako. Najua umeahidiana naye, eti mbao zilizokunywa mafuta ya nyangumi miaka hamsini huwaka vizuri. Akavunje ya babake! Meli yangu Deborah Pell haivunjwi.

Nilipandia meli ile kisiwani kwetu Brava, sijui hata kufunga kamba, Wamarekani wakanipa kazi waliyoidharau: kuyamwagia mapipa ya mafuta maji ya bahari mara mbili kwa wiki, yasikauke yakavuja. Nyangumi walipozidi, kapteni akaifuta kazi hiyo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya tisa nikaonja maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka ngamani, chini kabisa melini, nikakuta mafuta.

"Kapteni, mapipa yanavuja!"

"We mla mahindi, utanifundisha kazi?"

"Onja basi."

Akaonja, akanywea, tukayatoa mapipa yote ngamani kabla jasho la miaka mitatu halijaishia baharini. Safari iliyofuata mla mahindi ndiye aliyesimama mbele ya mashua, chusa mkononi kumchoma nyangumi, na sikukosa!

Kisha taa za mafuta ya ardhini zikaja, wenyewe wakaitelekeza meli matopeni hapa New Bedford, ikakauka hata vidole vikapita kati ya mbao. Nikainunua. Mji mzima ukacheka: "Valentim kanunua kapu!" Mimi na marehemu mama yenu tukaimwagia maji ya chumvi siku arobaini, mbao zikavimba, zikashikana, bamvua likaja, ikaelea. Ikaelea, wanangu! Nusu ya mtaa huu imeletwa na kapu hilo kutoka Brava, na waliocheka walikuja kuniomba kazi.

Benvindo, nyumba ni yako, na lile kofi nililokupiga gatini mbele ya watu, nisamehe, nilikosa mimi. Meli ni ya dada yako Zulmira, maana kila asubuhi huchukua ndoo kuilowesha sitaha bila kutumwa. Usiniambie ni mwanamke; pipa haliulizi nani kalimwagia. Shikamaneni kama mbao zile, na Mungu awape bahari njema, ninyi na wana wenu.

Midomo imenikauka... Zulmira, maji hayo unanipa mimi? Jua limeshatoka, mwanangu, sitaha kwanza... Na wewe Benvindo, mbona umeinuka? Unakwenda wapi?... Ndoo?... Ah. Chukua ile kubwa, baba. Ile kubwa.