Ng'ombe Waliopisha Tetemeko

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Honoratha Kokugonza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, ishirini na miwili kati yake akiwa mwangalizi wa kituo chetu cha matetemeko ya ardhi, Nyanungu.

Alikuja kutoka Bukoba, na wenyeji walimuuliza swali moja: nchi hii hutetemeka mara ngapi? Mara nyingi kuliko tunavyohisi, alijibu. Mengi ni madogo, huonekana kwenye mashine tu. Kueleza chanzo, alichukua bonge la ugali wa ulezi uliopoa, akalivuta pande mbili hadi likapasuka. Hivyo ndivyo bara letu linavyoachana kwenye Bonde la Ufa, milimita chache kwa mwaka. Miamba hujikaza, kisha huteleza ghafla.

Katikati ya 2016 barua ilikuja kutoka makao makuu: kituo kitafungwa. Kilikuwa kikiripoti kila siku, saa tisa alasiri, mtikisiko ambao hakuna kituo kingine kilichouona. Bi. Honoratha alibadilisha betri, akakagua nyaya, wapi. Siku moja alitoka nje saa hiyo, akawaona ng'ombe mia mbili wa Mzee Magige wakitoka mtoni, wakipita kando ya ukuta. Miaka yote hiyo yeye alikuwa ndani, macho kwenye kioo cha mashine.

Njia ya ng'ombe haihamishwi kwa barua. Alikwenda kwenye ritongo, baraza la wazee.

“Mama, mashine inayoogopa ng'ombe itatueleza nini?” Mzee Magige alimtania. Baraza lilicheka, na Bi. Honoratha pia akacheka. Kisha akamwalika mzee kituoni. Mzee alipoliona kundi lake likirusha mstari kwenye kioo, alitoka kuwaita wachungaji wake. Kesho yake ng'ombe walipita upande wa pili wa kilima.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, Kagera, mkoa wa kwao, ilitetemeka. Chini ya dakika moja baadaye mstari wetu uliruka, safi, bila kwato hata moja. Bi. Honoratha aliandika saa, akatuma taarifa makao makuu, ndipo akampigia mama yake Bukoba. Mama alikuwa hai. Nyumba ilikuwa imeanguka upande mmoja.

Kituo hakikufungwa.

Asante, Bi. Honoratha. Tunakuombea afya, na siku nyingi kando ya mama yako. Ardhi ikitikisika huko, safari hii mshike mkono mtoke nje kwanza. Saa tutaiandika sisi.