Farasi wa Bomani na Punje za Mtama

Asifiwe Bwana anayeokota watu jaani! Wazee, shikamooni. Na ninyi wanawake wenzangu wenye watoto, wanyonyesheni wanyamaze, maana nikikatizwa leo sitasimama tena. Neno hili nimelimeza tangu enzi za Wadachi. Hata binti yangu Paulina, yule pale benchi la mbele, hajawahi kulisikia.

Mnanijua, na mnajua ninavyojisikia. Mimi niliolewa na mtoto wa nduna, mkuu wa watu wetu. Nyumbani kwa mkwe wangu palikuwa na ng'ombe, na unga nilisagiwa. Mwanamke akipita na mzigo wa kuni simwamkii, nangoja aniamkie yeye. Nilikuwa na kiburi, ndugu zangu!

Ndipo ikaja vita ya maji. Mume wangu alinyunyiziwa, akanyweshwa, akaambiwa risasi za Wadachi zitageuka matone. Na mimi niliamini! Nilimfunga mabua kichwani kwa mikono yangu, nikampigia vigelegele mpaka alipopotea njiani. Hakurudi. Waliorudi walisema aliikimbilia bunduki kubwa ya Wadachi huku anacheka.

Kisha Wadachi wakachoma maghala yetu na mashamba. Njaa ile sina mdomo wa kuisimulia. Ng'ombe wakachukuliwa, mkwe wangu akafa, nikabaki na Paulina mgongoni, maziwa yananikauka. Wajane tukapelekwa Songea, bomani, kufanya kazi. Mimi nikapewa kukata majani ya farasi wa bwana mkubwa na kufagia banda lake.

Farasi yule alikula mtama! Watu wanachimba mizizi porini, yeye anamiminiwa mtama, na askari amesimama kumlinda mpaka amalize. Nilimchukia kuliko Wadachi wenyewe. Siku moja ninafagia mavi yake nikaona punje ndani, nzima, hazikusagika tumboni. Nikatazama huku na huku. Nikazikusanya kwenye nguo yangu, nikaenda nazo kijitoni, nikaosha, nikaosha tena, nikatwanga, nikapika uji. Niliunywa nimefumba macho. Maziwa yakarudi. Kesho yake niliwahi bandani kabla wenzangu hawajaamka, wasije wakaziona wakanipokonya. Aibu gani hii, ndugu zangu! Mke wa mtoto wa nduna anawahi mavi ya farasi asipitwe! Nikaendelea hivyo mpaka mvua zilipoanza.

Katika mvua hizo nilikwenda kukata majani chini ya milima ya Matogoro. Swila alikuwa amelala humo, akaniuma mkono. Wenzangu wakanibeba mpaka bomani. Tulipofika kope zangu zilikuwa zinashuka zenyewe, ulimi mzito, kifua kinabana, na Paulina analia mgongoni kwa mwenzangu, anataka kunyonya.

Mganga wa Kizungu alikuwa na msaidizi wake, mtu wa pwani, jina lake Sefu. Sefu akaja na kichupa na sindano. Nikamwuliza ni kitu gani. Naye, maskini, hakujua kudanganya. Akasema ni maji ya damu ya farasi. Huko Ulaya farasi huchomwa sumu ya nyoka, kidogo kidogo, mpaka mwili wake ujue kuishinda. Kisha hutolewa damu, na damu ikiganda, yale maji yanayojitenga ndiyo dawa. Farasi hafi, alisema. Hulishwa, akapata nguvu, akatolewa tena, na mmoja huponya watu wengi, kwa hiyo iko siku hata maskini wataipata. Akasema hata dawa ya kichaa cha mbwa wanaitafuta kwa njia hiyohiyo.

Mimi nilisikia mawili tu, maji na farasi. Nikavuta mkono wangu. Nikamwambia kwa ulimi ule mzito, "Mume wangu alipewa maji. Yuko wapi?"

Sefu akapiga magoti. "Mama, mimi sikuambii habari za risasi. Nakuuliza, mtoto huyu atanyonya kwa nani?"

Mganga Mzungu alikuwa amesimama nyuma, anasema kwa lugha yao. Baadaye Sefu aliniambia yale maneno. Kichupa kile kiliwekwa kwa ajili ya Wazungu, ila hapa kwetu hakijajaribiwa, basi kijaribiwe kwanza kwangu. Sikuhurumiwa, ndugu zangu, nilijaribiwa! Lakini mkono niliunyosha, kwa sababu Paulina alikuwa analia. Nikamwomba Chapanga, Mungu wetu, ambaye wakati ule nilimjua kwa jina tu: kama maji haya nayo ni ya uongo, mtoto umchukue wewe mwenyewe.

Kope zangu zilipofunguka palikuwa pamepambazuka. Paulina alikuwa kifuani kwangu, ananyonya. Mungu ni mwema! Mungu ni mwema, jamani!

Wenzangu wakaniita Mama Farasi, wakicheka. Hawakujua jinsi jina lile lilivyonifaa. Baadaye farasi mwenyewe aliumwa na mbung'o, akakonda, akafa, maana nchi hii haiwapendi farasi. Nilikaa kando ya lile banda tupu nikalia kwa sauti. Walioniuliza niliwaambia namlilia mume wangu. Uongo! Mume wangu sikumlilia, njaa ilikuwa imenikausha hata machozi. Yaliporudi, yalikuja kwa ajili ya farasi wa adui zetu, aliyenilisha bila kujua, na mwenzake wa Ulaya aliyetolewa damu nikaishi mimi. Nimebatizwa na aibu hiyo, nimezeeka nayo, na mpaka leo uso unaniwaka.

Kwa nini naitoa leo? Paulina mwanangu, nitazame. Juzi nilikuwa jikoni kwako. Alikuja mwanamke kuomba pumba ulizowawekea nguruwe, akawapikie wanawe. Ukamwambia, "Watu gani hawa wanaokula chakula cha wanyama?" Ukafunga mlango. Nami mama yako nikanyamaza, nikaendelea kupepeta mchele.

Ni sisi, mwanangu. Watu hao ni sisi. Maziwa yaliyokukuza yalitoka katika mavi ya farasi, na pumzi ninayosemea hapa ilitoka katika damu ya mwenzake.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana, wala msimchagulie chombo cha kuwapakulia! Kama yuko hapa mtu anayeuonea haya mlango aliopitia kuokolewa, asimame na mimi, tumshukuru Mungu pamoja. Mimi kiburi changu nakiacha hapa mbele yenu.

Na yule mama wa pumba ninamwona, amekaa chini pale karibu na mlango. Mama, njoo huku mbele. Paulina, sogea, mpishe akae.