Mahari ya Ng'ombe wa Gredi

Truphosa alikuwa ametoka zamu hospitalini, miguu inamuuma, na alichotaka ni kusinzia tu ndani ya basi la Stechford. Wapi! Kiti cha mbele Kiswahili kilikuwa kimepamba moto. Jairus, mwanafunzi wa kilimo, alikuwa akimlalamikia Mzee Charanjit, aliyewahi kuuza maziwa Eldoret.

"Nilimshauri baba auze wale ng'ombe kumi wa kienyeji, anunue wawili wa gredi, wa maziwa mengi. Si hapa Uingereza wafugaji wanapungua kila mwaka na maziwa yanazidi?"

"Na kwenu yamezidi?"

"Maradufu, mzee! Lakini baba yake Jemima, mchumba wangu, amewakataa kwa mahari."

"Mwambie ni lita ngapi, bwana."

"Yule hahesabu lita, anahesabu pembe. Na hawa wa gredi wamekatwa pembe!"

Charanjit alicheka mpaka kilemba kikatikisika. Truphosa akashindwa kuvumilia, akainama mbele. "Kwani wale kumi walinunuliwa na nani?"

Jairus hakugeuka. "Bethuel, jirani yetu. Nasikia Jumapili aliwaswaga wote mpaka kwa kina Jemima."

Basi likasimama.

"Kijana, hapa si ndipo unaposhukia?" Charanjit akauliza taratibu.

Jairus hakuinuka.