Kanga ya Mama Priska na Kamera ya Ofisi

Mzee Apolinari Nandonde, mpiga picha wa ofisi yetu ya habari hapa Masasi, amestaafu tarehe 30 Juni 1977 baada ya miaka kumi na minane ya utumishi. Mkewe, Mama Priska, naye alitumika karibu muda huohuo bila mshahara, maana kanga yake ilikuwa kazini.

Chanzo ni sherehe za Uhuru. Kamera ya ofisi hutazamwa kwa kuinamia kioo chake cha juu, na jua la mchana likikipiga huoni kitu ila sura yako mwenyewe. Siku ile Mzee alipiga kwa kukisia. Picha zilipotoka, wageni wa heshima wote walikuwa na viatu vizuri na hawakuwa na vichwa.

Alikaripiwa vikali. Krismasi ilipopita, akachomoa kanga moja katika doti mpya ya mkewe, akawa anajifunika gubigubi yeye na kamera. Vichwa vikarudi mahali pake. Mama Priska akabaki na kanga isiyo na mwenzake, na mwanamke wa heshima haendi harusini na nusu doti. Aliahidiwa kurudishiwa Pasaka. Hakutajiwa ya mwaka gani.

Mwaka 1972, vita vya ng'ambo ya Ruvuma vikiwa vimepamba moto, Mzee alikwenda Mkunya kupiga picha za kijiji kipya cha Ujamaa. Mgambo wakakuta mtu kajifunika kanga, kaelekeza kisanduku kusini. Wakamkamata wakidhani ni jasusi wa Wareno. Kamanda wao, Bwana Sadallah, alitaka kuifungua kamera, na filamu yote ingeungua kwa mwanga. Mzee akampa shikamoo, ingawa alimzidi umri, akamwomba kwanza aingie kangani atazame. Kamanda akaingia, akakawia. Alipotoka, mgambo wote walikuwa wamepanga foleni. Habari zilipofika nyumbani, Mama Priska aliuliza jambo moja tu, kama kanga ilikuwa salama.

Katika hafla ya kumuaga, kanga ilirudishwa mbele ya watu, imepauka kwa jua. Mama Priska aliivaa palepale pamoja na mwenzake, akakataa katakata kuiazimisha tena. Kwa hiyo mrithi wa Mzee, Bwana Nurdini, alipiga picha ya ukumbusho juani bila kifuniko. Ndiyo hiyo hapo juu. Wasomaji watuwie radhi, vichwa havimo. Lakini doti imetimia, na kanga zote mbili zinaonekana vizuri.

Mzee Apolinari, tulikupenda na tutakukosa. Mama Priska, asante kwa uvumilivu. Tunawatakia afya njema, na kivuli cha kutosha.